Kubadilisha turbo ya Subaru bila kushusha injini: kinachoamua ni oili

Mwenye Forester XT au Impreza WRX akiambiwa turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, imekufa, mara nyingi huambiwa papo hapo kwamba injini itashushwa. Kwa injini za EJ20 na EJ25 zenye turbo moja, kazi hiyo haihitaji injini kutoka. Turbo inavuliwa kwa juu, boneti ikiwa wazi, na fundi aliyejiandaa na vipuri vyote mkononi huimaliza kwa siku moja. Kama injini itashushwa, isiwe kwa sababu ya nafasi. Iwe kwa sababu ya kile kilichoonekana ndani ya oili, na hilo linapaswa kujulikana kabla hujalipia turbo mpya.

Tuanze na mpangilio wenyewe, kwa sababu ukiuelewa huo hutadanganyika. Injini hizi ni za boksa: zina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na moshi hutokea chini. Mabomba ya pande zote mbili hukutana chini ya injini, kisha moshi hupanda kwa bomba fupi upande wa kulia wa gari, nyuma ya injini, hadi kwenye turbo iliyokaa juu karibu na ukuta wa dashibodi. Tutaliita bomba la kupandia. Kutoka kwenye turbo moshi huteremka nyuma kwa bomba la kushukia na kuelekea kwenye eksozi yote. Juu ya haya yote imelala intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, ile inayopata upepo kupitia tundu la boneti. Ukiitoa intakula, turbo iko mbele ya macho yako.

Magari mengine si hivyo. Audi S4 ya B5 yenye V6 ya lita 2.7 ina turbo mbili zilizozama pande za nyuma za injini, na mafundi wengi huona ni afadhali kuitoa injini nzima kuliko kupigana na mikono. BMW zenye N54 zina turbo mbili zilizobanwa ubavuni mwa injini, na wanaozibadilisha bila kutoa injini huitundika kwa juu na kushusha fremu ya mbele inayobeba usukani. Hata ndani ya Subaru kuna tofauti. Legacy za turbo mbili zilizoishia mwaka 2003 zina mtandao wa mipira na valvu ambao ni somo lake, na Forester XT za kuanzia 2013 zina injini ya FA20 ambayo turbo yake iko chini, mbele ya injini, inafikiwa kwa kuingia uvunguni. Maelezo yanayofuata ni ya EJ yenye turbo moja, ile iliyojaa Nairobi na Dar es Salaam kutoka Japani.

Kabla ya kununua chochote

Moshi wa buluu peke yake hauthibitishi kwamba turbo imekufa. Ringi zilizochoka hutoa moshi huohuo, na valvu ya kupumulia krenki, ile inayotoa hewa iliyonaswa ndani ya injini, ikiziba, shinikizo la ndani ya injini huzuia oili isishuke kutoka kwenye turbo, nayo hupenya kwenye sili hata kama sili ni nzima. Kupungua nguvu pia kunaweza kuwa mpira wa intakula uliopasuka. Jaza moshi wa kupimia kwenye njia ya hewa kwanza. Ni kipimo cha dakika chache, na kimeokoa turbo nyingi zisitupwe bure.

Halafu vua mpira wa kuingizia hewa na ushike ncha ya shafti kwa vidole, injini ikiwa imepoa. Isukume juu na chini: itacheza kidogo, na hiyo ni kawaida kwa sababu beringi zake huelea kwenye oili, na sasa hakuna oili yenye shinikizo. Kinachokataliwa ni mapezi kugusa ukuta wa kompresa, upande wa turbo unaosukuma hewa. Kisha ivute na kuisukuma kwa urefu, mbele na nyuma. Hapo usihisi kitu. Ukihisi mgongano wowote, beringi ya kuzuia msukumo imeisha na turbo hiyo itatoka. Tazama pia mapezi kwa tochi. Yakiwa na meno kama msumeno, kuna kitu kimeingia, na itabidi ujue kimetoka wapi.

Sasa kipimo kikuu. Mwaga oili ikiwa na joto, uipitishe kwenye kitambaa cheupe, pitisha sumaku, kisha kata chujio la oili na ufungue karatasi yake yote. Unatafuta chenga. Chenga za chuma zinazong'aa na kushika sumaku mara nyingi hutoka kwenye shafti au vyuma vya turbo. Vipande vyembamba vya rangi ya shaba au fedha visivyoshika sumaku huenda vikawa ni vya beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki), ugonjwa unaojulikana sana kwa EJ zilizokimbizwa na oili chache. Beringi za turbo nazo zina shaba, kwa hiyo ukiona rangi hiyo usikimbilie kuhukumu. Sikiliza injini ikiwa na joto: mlio wa kugonga kutoka chini unaofuata mzunguko unathibitisha konrodi.

Kama ni konrodi, hapo injini ishuke, na turbo isubiri. Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili ambao unene wake ni sehemu ndogo ya milimita. Chenga moja inatosha kukwaruza beringi, na turbo mpya juu ya injini inayosaga beringi zake itakufa kwa sababu ileile iliyoiua ya kwanza. Kwenye hali hiyo hata kifaa cha kupozea oili, kile kilichokaa nyuma ya chujio, kinapaswa kubadilishwa. Njia zake ni nyembamba na chenga hazioshwi zikaisha.

Pima pia mgandamizo wa silinda zote nne. Kwenye EJ25, silinda namba 4, ya nyuma upande wa kushoto, ndiyo ya kuangaliwa zaidi kwa pistoni kupasuka kwenye kingo za ringi. Silinda zikitofautiana zaidi ya asilimia 15, usinunue turbo. Una tatizo lingine kubwa zaidi.

Kuchagua turbo

Usiagize kwa jina la gari. Agiza kwa namba iliyo kwenye kibati cha turbo yenyewe. Forester na WRX nyingi zina TD04 ya Mitsubishi, na Impreza STI nyingi zina IHI za familia ya VF. Hizo mbili hukaa kwenye nafasi ileile na hushika bomba la kupandia lilelile ikiwa ni za njia moja ya moshi. Lakini STI nyingi za soko la Japani na Legacy GT za turbo moja hutumia turbo ya njia mbili za moshi, yenye uso uliogawanywa katikati, na hiyo haikai kwenye bomba la njia moja. Watu wengi wamerudi dukani na turbo nzima mkononi kwa kutolijua hili.

Ukiweka VF mahali pa TD04, kompyuta ya gari haijui. Hewa inaongezeka kupita kiasi ambacho programu ya zamani iliandaliwa, na pistoni ndiyo inayoweza kulipa. Kama hutaki kurekebisha programu ya injini, rudisha aina ileile.

Turbo iliyotumika kutoka Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam inaweza kuwa nzuri, ila ikague kwa ukali kuliko unavyokagua mpya. Shafti kwanza, kama tulivyoeleza. Kisha fungua mlango wa westigeti, ule unaopitisha moshi pembeni shinikizo likitosha, na umulike ndani ya nyumba ya moshi: mistari midogo ya ufa karibu na tundu la westigeti ni ya kawaida kwa umri, lakini ufa unaotembea kutoka kwenye tundu hilo hadi ukingo wa nje, au unaoshika ukucha, uiache turbo hiyo. Mwisho tazama tundu la kuingizia oili. Likiwa na masizi magumu meusi, ilikuwa inapikwa.

Pamoja na turbo, nunua gasketi ya bomba la kupandia, gasketi ya bomba la kushukia, gasketi ya bomba la kurudishia oili, washa mpya za shaba au alumini mbili kwa kila bolti ya banjo (ile yenye tundu la kupitishia oili), mpira mpya wa kurudishia oili na klipu zake, nati na stadi (bolti zisizo na kichwa) mpya za upande wa moshi, oili lita 5, chujio, na kulanti (maji ya kupozea injini). Ukiweza, nunua na mpira wa kuingizia hewa kwenye turbo. Wa zamani kwa kawaida umeshakauka, na utajua umepasuka wakati mbaya kuliko wote.

Kuvua

Siku moja kabla, mwagia dawa ya kutu kwenye nati zote za upande wa moshi, na urudie usiku. Asubuhi fungua betri, mwaga kulanti, toa sinia la chini.

Intakula ni nyepesi: bolti mbili za valvu ya kutolea shinikizo la hewa (blow-off), klipu ya upande wa turbo, klipu ya upande wa throto, bolti mbili za kuishikilia, inatoka. Ukikuta oili kidogo ndani yake usishtuke, hutoka kwenye hewa ya krenki. Oili inayomiminika ni jambo jingine. Na kama mapezi ya kompresa yalikatika, intakula hiyo ioshwe mpaka maji yatoke safi pande zote mbili, au ibadilishwe, kwa sababu kipande kilichojificha mle kinaelekea moja kwa moja kwenye injini.

Toa bati za kukinga joto. Bolti zake ndogo hukatika kirahisi na si hasara kubwa. Nati tano za bomba la kushukia ndizo za kuheshimu. Tumia soketi ya pembe sita, si ya pembe kumi na mbili, na ufungue kwa robo mzunguko mbele, kidogo nyuma, mbele tena, ukiongeza dawa. Nati inayogoma ipashwe moto kwa gesi mpaka iwe nyekundu, kisha ifunguliwe ikiwa bado ina joto. Kabla ya kuwasha gesi, hakikisha hakuna mpira wala paipu ya petroli karibu, na mtungi wa kuzimia moto uwe pembeni yako. Stadi ikikatika upande wa turbo ya zamani, haidhuru, turbo hiyo inaondoka. Ikikatika kwenye kitu kinachobaki, simama uitoboe vizuri siku hiyohiyo.

Legeza pia bolti inayoshika bomba la kushukia kwenye gia boksi na kiungo chake cha nyuma, ili bomba lisogee nyuma sentimita chache. Huhitaji kulitoa lote.

Vifungio vitatu vya bomba la kupandia ndivyo vinavyofanya watu waseme injini ishuke. Viwili vinafikika kwa juu. Cha tatu kimejificha ndani, kati ya turbo na injini, na juu yake hakuna nafasi ya mkono na racheti kwa pamoja. Kifuate kwa chini: gari likiwa juu ya stendi, pandisha ekstensheni ndefu yenye kiungo kinachopinda mwishoni, mtu mmoja aelekeze soketi kwa juu na mwingine avute racheti chini. Hapa hapaharakishwi.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Bolti ya banjo ya oili juu ya turbo, mipira miwili ya kulanti, mpira wa kwenda westigeti, bolti za mkono unaoshika turbo kwenye injini, klipu ya mpira wa kuingizia hewa, na klipu ya mpira wa kurudishia oili. Inua turbo wima, ukiitikisa itoke kwenye mpira ulioganda. Ziba mara moja matundu yote kwa vitambaa vya rangi kali, na uvihesabu. Nati ikidondoka ndani ya bomba la kupandia, moshi utaipandisha mpaka kwenye mapezi ya tabaini, upande wa turbo unaozungushwa na moshi, mara tu injini itakapowaka.

Mpira wa kuingizia hewa hupita chini ya manifoldi ya hewa. Ukipasuka huko ndani, injini haishuki hata hivyo. Manifoldi inafunguliwa na kuinuliwa kiasi cha kupitisha mpira mpya, kwa gasketi mpya. Ufa mdogo kwenye mpira huu huingiza hewa ambayo sensa ya hewa haikuipima, na mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu, hali inayosababisha injini kugonga. Kwa hiyo hapana, usiuzungushie utepe.

Kwa nini ilikufa

Ukishaitoa, usikimbilie kufunga mpya. Kuna mahali pawili pa kutazama.

Pa kwanza ni bomba la kupandia. Baadhi ya magari ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yana kichujio cha kemikali cha moshi ndani ya bomba hili, kabla ya turbo. Kikianza kubomoka, vipande vyake vya kauri hupiga tabaini. Mulika ndani. Ukikiona kimepungua au kimevunjika, bomba zima libadilishwe kwa lisilo na kichujio.

Pa pili ni njia ya kuingizia oili. Kwenye injini zenye mfumo wa kubadili majira ya valvu, bolti ya banjo upande wa hedi (kichwa cha silinda) ya kulia ina kichujio kidogo cha waya ndani yake. Kimewekwa kulinda, lakini oili iliyokaa muda mrefu hukijaza masizi mpaka turbo inapata matone. Mtu anabadilisha turbo, anakiacha kilekile, na ya pili inakufa kwa njaa kama ya kwanza. Kitoe na uweke kipya kila unapobadilisha turbo. Wapo mafundi wanaokiondoa moja kwa moja kwa hoja kwamba chujio kikubwa la oili linatosha. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye kubadilisha oili kwa wakati na kutumia chujio halisi. Kwa gari ambalo huduma yake haijulikani, tungeweka kipya. Paipu yenyewe ya oili ipulizwe kwa hewa yenye dawa, na kama ina masizi yasiyotoka, inunuliwe nyingine.

Kufunga

Vitu vyote vya moshi vifungwe kwanza kwa mkono tu: bomba la kupandia, bomba la kushukia, mkono wa kushikia. Vikishakaa bila kulazimishwa, kaza bomba la kupandia, kisha la kushukia, karibu Nm 35 kila nati, na mkono wa kushikia uwe wa mwisho. Ukiukaza mwanzo, turbo inabaki imevutwa upande mmoja na nyumba yake hupasuka ikishapata joto. Gasketi za chuma hazirudiwi, hata kama zinaonekana nzima. Uvujaji kwenye bomba la kupandia husikika kama mlio mwembamba wa kugonga injini ikiwa baridi, na turbo huchelewa kuamka.

Mpira wa kurudishia oili uwekwe kwenye paipu ya hedi kabla turbo haijashuka, klipu zikiwa zimegeuzwa upande ambao bisibisi itafika baadaye. Usipake silikoni popote kwenye njia ya oili ya turbo. Ikibanwa inajikusanya ndani, kipande kinakatika, na njia ya kurudia ikipungua oili inatafuta njia nyingine kupitia sili.

Ndani ya mpira unaotoka kompresa kwenda westigeti na solenoidi kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba, kinachopunguza hewa. Ukibadilisha mpira, kihamishe. Kikikosekana westigeti hufunguka mapema na gari linakuwa zito. Hatari kubwa zaidi ni mpira wa westigeti wenyewe kutoshika: ukichomoka, mlango haufunguki kabisa na shinikizo linapanda bila kikomo, mpaka kompyuta ikate petroli au pistoni ipasuke, kitakachotangulia. Weka klipu pande zote mbili.

Kabla ya kufunga bolti ya oili, mimina oili safi kwenye tundu la turbo huku ukizungusha shafti kwa kidole mpaka ijae.

Kuwasha

Toa fyuzi ya pampu ya petroli na uchomoe koili. Acha bolti ya oili ya turbo imelegea kidogo na kitambaa chini yake, kisha zungusha injini kwa stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia. Oili ikitokea kwenye bolti, ikaze na uzungushe tena mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe fyuzi na koili.

Kulanti ijazwe kupitia tangi dogo lililo juu ya injini, ambalo ndilo sehemu ya juu kabisa, hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Mfuniko wa tangi hilo na wa rejeta si sawa, usivibadilishane. Tangi hilo lina kazi nyingine isiyoonekana: ukizima injini, kulanti iliyopashwa na turbo hupanda kuelekea huko yenyewe na kulanti ya baridi huingia nyuma yake, hivyo turbo huendelea kupozwa bila pampu. Hewa ikibaki kwenye mipira hiyo, mzunguko huo haufanyiki na oili hupikwa ndani ya beringi. Hata mfumo ukiwa mzima, baada ya kupanda mlima kama Kitonga kwa nguvu, endesha taratibu dakika mbili tatu kabla ya kuzima.

Iache injini ingurume taratibu dakika 10 bila kukanyaga mafuta. Moshi utakuwepo, ni oili ya zamani inayoungua kwenye eksozi, na kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa ya kuendesha. Usipoisha, rudi kwenye mpira wa kurudishia oili na valvu ya kupumulia krenki kabla ya kumlaumu aliyekuuzia turbo.

Baada ya kilomita 500 badilisha oili na chujio, ulikate chujio hilo na ulisome kama ulivyosoma la kwanza. Siku hiyohiyo, injini ikiwa imepoa, jaribu nati za moshi kwa spana ya kupimia mkazo. Kisha iwashe, ipate joto, na umulike mpira wa kurudishia oili kwa tochi. Unyevu mdogo chini ya klipu unaondoka kwa kukaza robo mzunguko. Tone linaloanguka lina maana mpira haukukaa mahali pake, na juu ya eksozi yenye joto lile tone ni chanzo cha moto, kwa hiyo turbo itoke tena na mpira ukae upya.